Mdoli Asiye na Mdomo

Mwalimu wangu wa darasa la tano ndiye aliyeona alama za waya mgongoni kwangu. Baba mkubwa, aliyenichukua Mbagala mama alipofariki, alimwambia nilianguka. Mwalimu hakubishana naye, ila akanipeleka Temeke, kwenye chumba cha nyuma ya zahanati, kwa mama mmoja mshauri wa watoto.

Yule mama alinipa mdoli wa tambara la khanga. Hakuwa na mdomo. Nikamuuliza kwa nini, maana mie sijui kukaa bila kuuliza.

"Utamshonea mwenyewe, siku akitaka kusema."

"Na akisema?"

"Ya humu yanabaki humu, mwanangu."

Siku moja nilimfumua mguu nione kajazwa nini. Vipande vya sweta za mitumba. Yule mama hakunigombeza, alinipa sindano tu. Hapo nikamwamini. Nikashona mguu, kisha mdomo kwa uzi mwekundu, na mdoli akasema yote: waya wa pasi, komeo la mlango, kitambaa nilichosokomezwa kinywani. Mama alilia. Sikuwahi kuona mtu mzima akinililia.

Nilipokwenda tena nilimkuta baba mkubwa kakalia kigoda changu, soda mkononi, mdoli magotini.

"Kumbe siku hizi mnanisema kwa midoli!" akacheka.

"Mwamkie baba yako kwanza," mama akaniambia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtundu huyu, dada, usimwone hivi."

"Ndiyo maana nimekuita, kaka. Haya tuyamalize kifamilia. Yeye akuombe radhi kwa kukusema nje, na wewe umpunguzie fimbo."

Umpunguzie! Nikaomba radhi. Mama akatabasamu kama aliyemaliza kazi ngumu, na nadhani kweli aliona ameniponya. Akaagiza turudi tumeshikana mikono, akasimama mlangoni kututazama.

Baba mkubwa alinishika vizuri mpaka kona ya mashine ya kusaga. Hapo akageuka kuangalia kama bado tunaonekana. Akauacha mkono, akashika sikio.

Sikumaliza darasa la tano. Nilitoroka, nikaishi Wazo, Kinyerezi, popote penye kibarua. Watu wazuri tu huniuliza nimetokea wapi, mbona situlii. Na mie huwauliza wao wametokea wapi, nikasikiliza mpaka wasahau kwamba sijajibu.