Bei Aliyoiandika Mke Wangu

Ukiniuliza mke wangu anafanya kazi wapi, nitakujibu bila kusita: benki. Ukiniuliza anafanya nini huko benki, hapo nitakuomba tuzungumze mambo mengine. Mimi ni fundi wa makochi. Kochi nikilishona unalikalia, na kama nimelipua kazi utajua kwa makalio yako kabla taarifa ya habari haijaisha. Kazi ya mwenzangu haikaliwi wala haishikwi, na nimeishi nayo ndani ya nyumba miaka mingi bila kuizoea.

Alianza dirishani, akipokea na kutoa fedha. Siku zile nilimwelewa. Alirudi nyumbani vidole vikinuka noti, akiwalalamikia wateja wanaoleta sarafu ndani ya soksi. Halafu wakampandisha ghorofani, wakampa kiti cha kuzunguka na kompyuta mbili, wakamwambia kwamba kuanzia sasa kazi yake ni kusema vitu vya benki vina thamani gani. Nilifurahi mno. Nilidhani atakuwa anakagua majumba na magari, nikamwambia asisahau mwavuli.

Kumbe vitu vyenyewe ni ahadi tupu. Benki inashika ahadi za watu, na watu wanashika ahadi za benki, na kila mwisho wa mwezi nyingi kati ya ahadi hizo lazima ziandikiwe bei ya siku hiyo, kana kwamba zinauzwa asubuhi ile ile, ingawa hakuna anayeziuza. Bei hiyo wanaiita thamani ya haki. Amenifafanulia mara nyingi, kwa uvumilivu ambao mimi nisingekuwa nao: ni bei ambayo watu wawili wanaojua wanachofanya, wasioshikiwa fimbo na mtu, wangekubaliana leo. Nikamuuliza watu hao wako wapi. Akasema hawapo, ni wa kufikiria tu. Nikavuta sahani yangu nikaendelea kula.

Akanipa habari ya makapu. Ahadi zinazouzwa sokoni kila siku ziko kapu la kwanza, na bei yake unaisoma tu kwenye kompyuta. Zile zisizouzwa sana, lakini zina ndugu zake sokoni, au kuna mtu wa nje anayeweza kukutajia bei ya kuaminika, hizo ni za kapu la pili. La tatu ndilo balaa. Huko hakuna soko wala ndugu. Unakadiria fedha zitakazoingia miaka ijayo, unazipunguza kwa sababu fedha ya mwakani si sawa na fedha ya leo, unazipunguza tena kwa sababu mdaiwa anaweza kula kona, na mwisho unabaki na namba. Namba hiyo haina rafiki, kwa sababu imetoka kichwani mwako. Wakaguzi wanaihoji kama mwizi wa kuku. Namba iliyotoka nje hupita huku ikisalimiwa.

Nilipoanza kuona mwanga akaniletea upande wa madeni. Ahadi za benki yenyewe nazo, baadhi, zinaandikiwa bei, na watu wakianza kuitilia shaka benki, ahadi zake zinauzwa rahisi, kwa hiyo kwenye hesabu deni lake linasinyaa. Nikamwambia, yaani mkiharibikiwa ndiyo mnadaiwa kidogo? Akasema siyo hivyo. Akafikiri, akasema ndiyo hivyo, ila inaandikwa pembeni, haichanganywi na faida ya kazi. Nikataka kujua kama na mimi nikijulikana mtaani kuwa mlevi, deni langu dukani litapungua. Akaniambia langu halipungui ng'o.

Basi tuliishi hivyo, yeye na makapu yake, mimi na sponji zangu, mpaka yalipotukuta haya ninayotaka kueleza.

Mafundi wa karakana yetu tuna chama cha kuweka na kukopa. Mwenyekiti ni fundi wa milango tunayemwita Bawaba, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Karakana ni ya kupanga, jengo refu lenye madirisha ya juu, na mwenyewe alikuwa amechoka nalo. Alitupa nafasi ya kulinunua kabla hajamsikiliza tajiri mmoja aliyetaka kuligeuza ghala. Alitaka jibu, na nusu ya fedha mkononi, kabla ya mwaka kwisha. Fedha tulikuwa nazo. Karibu zote zilikuwa kwenye hatifungani za kiwanda cha mabati: yaani tulikuwa tumekikopesha kiwanda, kinatulipa riba, na muda ukifika kitaturudishia chetu. Muda ulikuwa bado, kwa hiyo ilibidi tuziuze. Hiyo haikututisha. Kila mwezi Bawaba alimpigia simu dalali wa hatifungani, dalali akasema tisini na nne kwa kila mia, na Bawaba akatutangazia kikaoni huku sisi tukipiga makofi.

Benki ya mke wangu nayo ilizishika hizo hizo, tena kwa wingi. Naye kila mwezi alimpigia dalali yule yule, akaambiwa tisini na nne, akaandika, akaziweka kapu la pili. Nilivimba kichwa, sikatai. Chama cha mafundi kina bei moja na benki, nani asingevimba?

Mwezi mmoja dalali akalazwa kwa mawe ya figo, na mezani pake akakaa mwanamama mwingine. Mke wangu alipopiga simu kuuliza bei ya mabati, yule mama akashangaa, akasema ndiyo kwanza alitaka kumpigia yeye, maana mwenzake amemwelekeza kwamba bei hiyo huwa inachukuliwa kwao benki, kwa kijana wao wa kununua na kuuza. Mke wangu akavuka ukumbi mpaka kwa huyo kijana, ambaye wanaonana naye kila siku kwenye birika la chai, akamuuliza bei ya mabati anaitoa wapi.

"Kwenye ripoti yako, dada," akasema. "Ya mwezi uliopita."

Tafadhali rudia kusoma kama mimi nilivyorudia kusikia. Yeye alichukua kwa dalali, dalali kwa kijana, kijana kwake yeye. Bei ilitoka mezani kwake, ikazunguka mjini, ikarudi imevaa nguo za ugenini, naye akaipokea kama mgeni. Na hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Kila mtu aliuliza kwa adabu na akajibiwa kwa adabu. Mara ya mwisho hatifungani hizo kuuzwa kweli kweli, mke wangu alikuwa bado yuko dirishani.

Haya yote mimi niliyajua baadaye. Siku ile nilichokiona ni mke wangu kurudi nyumbani, kukaa kwenye kochi na mkoba begani, na kuutazama ukuta. Nikadhani anaumwa. Nikadhani ni mimba, nikapiga hesabu ya umri wetu nikaogopa. Nikadhani, Mungu anisamehe, kuna mwanamume. Hakusema kitu, kwa sababu amekula kiapo cha siri za benki na yeye kiapo hakichezei. Aliniuliza swali moja tu, kama vile linapita njia: mwenye karakana alisema anataka jibu lini? Nikamwambia. Akaenda kuoga, akakaa bafuni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo zote.

Alimweleza mkuu wa kitengo chake. Mkuu si mtu mbaya, alikuwa amebakiza kidogo kustaafu, na kiti chake kilikuwa kimeshasemwa kuwa ni cha mke wangu. Akamwambia mambo mawili ambayo hata leo siwezi kuyapinga: kwamba hakuna aliyedanganya, na kwamba bei ikikubaliwa na watu wote hiyo ndiyo bei. Akamwomba waache ipite mpaka mwaka ufungwe. Mke wangu akasema hawezi kuweka sahihi kwamba bei imetoka nje wakati imetoka kwake. Akazihamishia hatifungani zile kapu la tatu, akakaa na hesabu: chuma kinauzwaje, kiwanda kinauza mabati mangapi, viwanda vinavyofanana nacho vinakopa kwa riba gani. Akapata sitini na tatu.

Ripoti ya benki ilipotoka, Bawaba alikuja mezani kwangu akiwa na gazeti. Hakuketi. Akaniambia, "Shemeji ameziandika sitini na tatu," akaondoka kwenda kuwaambia wengine, na baada ya muda mfupi nyundo zote zilikuwa zimenyamaza.

Nilikwenda nyumbani mbio. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamwambia chama kinakaa kesho, wengine wanataka tuuze kabla hazijashuka zaidi, wengine wanataka tushike, mimi niwaambie nini. Karakana inakwenda, nikamwambia. Miaka yangu yote iko mle ndani.

"Siruhusiwi kukuambia," akasema.

"Mimi ni mumeo."

"Najua. Siruhusiwi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia, miongoni mwa yaliyo mepesi, kwamba anajua na anatuacha tuzame kwa ajili ya kiti cha kuzunguka. Aliendelea kukunja shuka ile ile, anaikunja anaikunjua. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto, na chini ya hasira nilikuwa sielewi kitu chochote. Kiwanda kilikuwa kile kile, malori yake ya mabati yalipita mbele ya karakana yetu kama kawaida, riba ilikuwa imelipwa kwa tarehe yake. Nini hasa kilikuwa kimeshuka?

Kikaoni tuligombana kama watoto. Mwisho tukauza. Dalali, sasa amepona, alitafuta mnunuzi kwa siku chache tulizokuwa nazo, akampata mmoja tu, kwa hamsini. Bawaba alitia sahihi bila kuinua kichwa. Fedha iliyopatikana haikutosha nusu ya jengo, na tajiri wa maghala akalichukua.

Hayakuishia hapo. Mwezi ulipoisha, mke wangu akaletewa habari ofisini kwamba hatimaye hatifungani za mabati zimeuzwa kweli, kwa hamsini. Bei halisi, ya watu halisi. Alimweleza mkuu kwamba mmoja wa wauzaji ni mume wake, akaomba mwingine aishughulikie. Mkuu akamkabidhi mkaguzi kazi hiyo, na mkaguzi akauliza maswali yake: wauzaji walikuwa na muda wa kutosha? Walitafuta wanunuzi wengine? Walibanwa na shida? Jibu likatoka kwamba hao waliuza kwa hofu na kwa haraka, kwa hiyo mauzo yao hayahesabiki kuwa thamani ya haki. Sitini na tatu ikabaki pale pale.

Aliniambia hayo mezani, polepole, maana sasa yalikuwa yameshatangazwa. Tulikuwa bado hatusemezani vizuri. Nikamuuliza kama nimemwelewa: watu pekee waliouza kitu hicho kwa miaka yote hiyo ni sisi, na bei yetu si bei? Akasema kwa kanuni zao haibebi uzito. Nikamwambia kesho tunahama karakana, aje aone kama meza yangu ya kukatia nayo haibebi uzito.

Nilisema kwa kejeli. Akaja. Aliomba ruhusa kazini, akajifunga kanga kiunoni, akashika upande wa pili wa meza ambayo kwa kawaida inabebwa na wanaume wanne. Mafundi wakamsalimu kwa heshima, na heshima ile ilimuumiza kuliko matusi, nilimwona. Tulipofika mlangoni tukaitua meza chini ili tupumue. Bawaba alikuwa amesimama pale akifungua skrubu za milango aliyoitengeneza mwenyewe, aende nayo.

"Shemeji," akasema, bila ubaya, "hebu niambie tu nipate kulala. Zile hatifungani, kweli kweli, zina thamani gani?"

Nilidhani atasema haruhusiwi. Alifuta jasho kwa mkono, akatazama chini kwenye vumbi la mbao.

"Sijui, shemeji," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Hata siku ile uliponiuliza. Ungenilazimisha nikuambie, nisingekuwa na cha kukuambia."

Bawaba akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye bisibisi yake. Mimi nilibaki nimeshika meza. Wiki zote zile nilikuwa nimemnunia kwa kuninyima kitu, kumbe hakuwa nacho, na alikuwa akilala ubavuni kwangu, peke yake na kutojua kwake. Sikujua nimwombe radhi kwa lipi. Nikamwambia ashike vizuri upande wake, kuna ngazi mbili mbele, tukainua.