Mimi ni Sista, na Wivu Wangu Umemfukuzisha Sista Mwenzangu

Admin, nifichie jina langu na la shule. Na wale watakaonitambua kwa maneno haya, naomba wanyamaze tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, na ni mtawa. Nilizaliwa huko chini Mbeere kwenye jua na mbuzi, nikaingia utawani nikiwa na miaka ishirini. Sasa naishi na masista wenzangu hapa Meru, upande wa Kinoru, na nimefundisha watoto wadogo kwa miaka ishirini na saba. Kusoma, kuhesabu, kushika penseli, kupanguswa kamasi. Nikienda sokoni sifiki kwenye viazi kabla mtu hajaniita, "Sista, unanikumbuka?" Sikuwahi kulilia watoto wa kuzaa, kwa sababu niliona nimepewa wengi.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa sista kijana. Nitamwita Tabitha, ingawa si jina lake. Ni msichana wa Embu, amelelewa mtaa wa Majimbo pale mjini, na alikuwa bado hajaweka nadhiri za daima. Alipewa gredi ya kwanza ile nyingine, na kati ya darasa lake na langu ni ukuta wa mbao tu. Nilisikia kila kitu. Watoto wake walikuwa wanacheka wakijifunza. Wangu walikuwa wananisomea ubao huku wanaangalia ukuta.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mvivu au mwenye kiburi. Afadhali angekuwa. Alikuwa ananiamkia kwa heshima, na wakati wa baridi mikono ikiniuma ananifulia sweta bila kuambiwa. Lakini wakati wa mapumziko watoto walimkimbilia yeye, hata wa kwangu. Kuna kasichana kanaitwa Kawira, nilikaa nako mwezi mzima nikikabembeleza hadi kakaacha kulia kakiletwa shule. Siku moja kalinipita mlangoni kama kamepita kiti, kakaenda kumshika Tabitha mkono. Nilirudi darasani nikakaa peke yangu. Moyo ulikuwa unawaka.

Halafu akaja mama mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusoma akiwa hana meno ya mbele. Akaniambia kwa aibu, "Sista, usikasirike. Naomba mtoto wangu Mwenda ahamie kwa Sista Tabitha. Kwako anaogopa."

Nilimwambia kule hakuna nafasi. Nafasi ilikuwapo.

Kwetu, kabla sista hajaweka nadhiri za daima, wale anaoishi nao huulizwa maoni na Mama Mkuu. Niliandika kwamba Tabitha anafundisha vizuri, lakini anapenda kupendwa na watu, na utii wake haujakomaa. Sikuandika kosa ambalo mtu angeweza kwenda kulichunguza. Niliandika kitu ambacho hata yeye mwenyewe hangeweza kujitetea dhidi yake. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa hapa nyumbani, neno langu lilikuwa zito kuliko la wengine wote.

Nadhiri zake zikaahirishwa mwaka mzima. Akaondolewa darasani, akatumwa kwenye nyumba yetu moja ya upande wa Embu kuwahudumia masista wazee. Siku ya kufunga mizigo alikuja chumbani kwangu, macho mekundu.

"Sista, wanasema napenda kupendwa. Wewe umeishi na mimi karibu. Ni kweli?"

Pale ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia, "Jichunguze, mwanangu. Mungu hutufundisha kwa njia nyingi."

Akapiga magoti, akaniomba nimwombee. Nikamwekea mkono kichwani.

Madarasa yakaunganishwa, watoto wote wakawa wangu. Mnafikiri wivu uliisha? Karibu kila siku mmoja ananiuliza, "Sista Tabitha atarudi lini?" na mimi namwonea wivu mtu ambaye hata hayupo. Nilienda kuungama. Padre alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mungu amekusamehe. Lakini yule msichana bado amebeba maneno yako. Nenda ukamtue." Hiyo ni miezi saba sasa. Sijaenda. Mara mvua, mara mitihani, mara mgongo.

Wiki iliyopita Tabitha alinipigia simu. Sauti yake imekuwa ndogo. Aliniambia, "Sista, nimefikiria sana, labda mimi sikuitwa. Siku hizi nikiona wale wazee wananifurahia natoka chumbani, naogopa ni ile dhambi yangu." Akasema Ijumaa hii atamwandikia Mama Mkuu aombe kuondoka utawani. "Nilitaka wewe ujue kwanza," akasema, "kwa sababu ni wewe ulinionyesha kazi ya ualimu."

Nilimjibu kwamba nitamwombea. Nilipokata simu, kabla sijaanza hata kulia, nilisikia kitu ndani yangu kimepumua. Kilifurahi kwamba hatarudi. Hicho ndicho kimenitisha kuliko barua niliyoandika, na ndiyo sababu nimewaandikia nyinyi msionijua.

Nikimwambia Mama Mkuu ukweli, nitaondolewa darasani, na sijui kazi nyingine. Nikimwambia Tabitha, sijui kama atanitazama tena. Nikinyamaza, msichana mzuri ataenda nyumbani akiamini ana ugonjwa ambao mgonjwa wake ni mimi.

Leo ni Jumanne. Mama zangu, dada zangu, hata nyinyi ambao si Wakatoliki, msinihurumie kwa sababu ni mtawa. Nianzie kwa nani, na nikishafika mbele yake, nianze na neno gani?