Rehema Wawili wa Chumba cha Cherehani

Ilikuwa mwaka ule upepo ulipoezua paa la duka la nguo. Hapana, nasema uongo, paa liliezuliwa mwaka uliofuata. Mwaka huo ndio mshonaji mmoja alipopewa cherehani ya dirishani, akamkuta jirani yake wa cherehani ya pili, aliyemzidi umri, ana jina kama lake: Rehema.

Alifurahi, akajua amepata somo. Jina hilo alipewa na bibi yake, baada ya watoto watatu kuzikwa wachanga. Huyu alipolia, bibi akasema, "Huyu tumerehemewa." Basi hakuwahi kulichezea.

"Umeamkaje, somo?" akasema.

"Somo yako nani?" yule mkubwa akajibu bila kuinua uso. "Hapa Rehema ni mmoja. Wewe tafuta lako."

Tangu hapo akaitwa Wa Dirishani, miaka kumi na mmoja. Mkubwa alimsukumia vipande vya vitambaa miguuni, akamfichia mkasi, na akiwasalimia watu asubuhi alimruka kama anaruka kiti. Kitu kimoja tu Wa Dirishani alikataa. Kila nguo ilitiwa kitambaa chenye jina la fundi ndani ya kola, na yeye chake alikiandika Rehema, sawa na cha mkubwa.

Siku moja mteja akarudisha koti. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Tajiri, mwenye duka, akageuza kola, akasoma, akasimama mlangoni.

"Rehema achukue vitu vyake, aende."

Cherehani zikanyamaza. Wa Dirishani alishona mashati ya shule tu, makoti hakuyagusa, na chumba kizima kilijua. Akamgeukia jirani yake.

"Unanitazama nini?" mkubwa akasema. Kisha akamwambia tajiri, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Rehema si huyo hapo dirishani, baba? Mimi wananiita dada mkubwa tu."

Wa Dirishani akakunja aproni, akatia mkasi mfukoni.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Basi lile la dirisha msiniite tena."

Akatoka, jina analo, kazi hana.

Mpiga pasi, mzee asiyependa ugomvi, naye alikuwa amenyamaza kama wenzake. Alisubiri mlango ufungwe, akaweka pasi chini, akamwuliza yule mkubwa:

"Na wewe, mwenzetu, kuanzia kesho tukuite nani?"