Jicho Lililozimika Jumanne

Mdomo wangu ni mrefu tangu utotoni. Mimi ndiye kifunguamimba, ndiye niliyesoma, na tukiingia mahali popote penye karatasi za kujaza, mama hukaa nyuma yangu na kibeti chake. Maswali ni yangu.

Kwa hivyo daktari wa macho hapa Thika alipomuuliza mama jicho la kushoto lilianza kupotea vipi, mimi ndiye niliyejibu. "Limefifia polepole. Hata cucu, mama yake, alipofuka hivyo hivyo, presha ya macho." Mama akafungua kinywa. Nikamwambia, "Mami, ngoja kwanza." Akangoja. Daktari akamulika, akaona mshipa wa fahamu umepauka, akaandika matone. Mwaka mzima nilimtilia matone kila asubuhi huko kwake Makongeni, nikimgombeza akipepesa.

Jicho halikurudi. Nikampeleka Ruiru, kwa mashine inayopiga picha ya ndani ya jicho, tabaka kwa tabaka kama chapati iliyochanwa. Daktari wa huko, msichana mdogo kwangu, aliitazama sana ile picha.

"Hii si presha ya macho," akasema. "Presha huchimba shimo kwenye mshipa wa fahamu, polepole. Hapa hakuna shimo. Tabaka za ndani ndizo zimenyauka, zote pamoja, kwa kukosa damu." Akageuka. "Mama, lilififia ama lilizimika?"

Nikaanza kujibu.

"Nimemuuliza mama."

"Lilizimika," mama akasema. "Jumanne asubuhi, nikichagua njahi, yale maharagwe meusi. Kama taa stima ikipotea."

"Na mbona hukusema?" nikamfokea.

"Si ulikuwa unasema wewe?" Hakuwa hata na hasira.

Ngai! Mwaka mzima. Daktari akatueleza kwamba donge la damu liliziba mshipa wa damu wa jicho, na kwamba lingine laweza kwenda kwa ubongo. Moyo na mishipa ya shingo ilifaa kupimwa wakati ule ule, mwaka uliopita. Akatuandikia vipimo vya Alhamisi.

Jumatano mama alianguka jikoni.

Yuko hai. Mkono wa kulia umelegea na maneno yamempotea yote. Nikimpeleka kliniki wanamuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Naye hunigeukia na lile jicho moja, akingoja nimjibie kama zamani. Nami sijui. Wuui, mama, sijui.