Mjomba kachomwa na konokono wa baharini, akatangaza amepona kwa sababu hasikii maumivu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii imetokea kwangu Mwembesongo, Moro mjini. Nilikuwepo mwanzo mwisho, sitii chumvi. Watu wa baiolojia mtanirekebisha.

Sisi Waluguru. Kwetu mkubwa wa familia ni mjomba, kaka wa mama. Ndoa, shamba, nani apelekwe hospitali, anaamua yeye. Wa kwetu analima kabichi huko mlimani na hajawahi kukosea, muulizeni mwenyewe.

Sasa kigango chao cha kanisa kikaenda kuhiji Bagamoyo. Wenzake wakarudi na maji ya bahari. Yeye akarudi na konokono hai kwenye kidumu, gamba lina madoa, zuri kweli. Akapitia kwangu alale, kesho apande mlima.

Mama akamwambia, "Kaka, huyo usimshike, humjui."

"Konokono wote wananijua mimi," akajibu.

Wa kwenye kabichi, labda. Huyu ana kitu kama sindano, anawindia samaki. Mjomba akamweka kiganjani, akashtuka kachomwa kidole, akamrudisha kwenye kidumu.

Kidole kikauma, kisha kikaacha. Nikasema twende hospitali, nikaambiwa nikae chini. Akakigonga kidole na kijiko mbele yetu. "Mnaona? Hata hakiumi." Ndugu waliokuja kumsalimia wakasema mzee ni chuma.

Mimi nilishagugo kwenye simu. Mshipa wa fahamu unasafirisha taarifa kwa kufungua vijilango, sodiamu inaingia (ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani), taarifa inasonga mbele. Sumu ya huyu mdudu inakaa mlangoni kama kizibo. Sodiamu haipiti, taarifa haifiki. Kidole kiko matatani, kichwa hakina habari. Ikisambaa, hata misuli ya kupumulia haipati amri.

Yaani mzee alikuwa anashangilia dalili.

Midomo ikafa ganzi. Kope zikaanguka. Akataka kusema, ulimi ukagoma.

Hapo ndugu wakaanza kikao: nani aruhusu apelekwe hospitali? Mwenye kuruhusu ni yeye. Basi asubiriwe aseme.

Mama akasimama. Maisha yangu yote sijamsikia akitoa amri mbele ya kaka yake.

"Mbebeni," akasema.

Tukampakia kwenye bajaji. Dokta akatuambia sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa, kinachofanyika ni kumsaidia apumue kwa mashine mpaka iishe yenyewe. Nilikaa nje nawaza tutamzikaje mtu ambaye hata mazishi ya ukoo anapanga yeye. Niliogopa wakuu, na nililia.

Akapona. Alipotolewa mashine, swali la kwanza: "Nani kaniruhusu kuja huku?"

Tukaangaliana.

"Mimi, kaka," mama akasema.

Akamtazama weee. Ulimi ulisharudi, dokta alithibitisha. Akautumia kuomba maji tu.

Funzo: ukichomwa na kitu cha baharini, kimbia hospitali hata kama huumwi. Maumivu yakikata, usifanye sherehe.

Juzi imekuja posa ya mdogo wangu. Mjomba kasikiliza wote, kakohoa, tukajiandaa kupokea hukumu. Akamgeukia mama: "Mdogo wangu, wewe unasemaje?"

Mama maisha yake yote hajawahi kuulizwa.

Wenye wajomba wa aina hii, uwanja ni wenu.