Taa Mbili za Mama

Mwanangu alinionyesha kwenye simu minara ya taa ya pwani ya Baltiki. Akanieleza, tena kwa maringo, kwamba mabaharia wa huko huangalia taa mbili: ya nyuma ikikaa sawasawa juu ya ya mbele, wamo njiani. Nikamwambia bibi yake aliyajua hayo, na bahari hajawahi kuiona.

Enzi zile za dhahabu sisi tulikaa upande wa Serengeti, na maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, yalikuwa ng'ambo ya Mto Mara. Baba alivuka alfajiri na wanaume wenzake, wakarudi giza likiingia. Pa kukanyaga palikuwa mwamba mmoja tu chini ya maji. Ukiukosa, umekwenda kwa mamba. Basi mama akachimbia mti ukingoni, mwamba unapoishia, akatundika taa ya chemli. Nyingine akaitundika kule juu, mlangoni kwetu.

"Ya juu ikae kichwani pa ya chini," aliwaambia. "Zikiachana, simama hapo hapo."

Watu wazima na ndevu zao wakamtii.

Jioni moja tukapata wageni, ndugu za baba kutoka Kenya, na ndani hatukuwa na taa. Kwetu mgeni hali gizani, ni aibu. Ya mlangoni sikuifikia, basi mimi na kiherehere changu nikashuka mtoni, nikaichukua ile ya ukingoni, nikawaandalia ugali kwenye mwanga safi kabisa. Mama akaingia na mboga, akaiona taa mezani. Hakunigusa. Alichomoa ukuni unaowaka jikoni, akakimbia.

Nilimfuata nikilia, maana baba alikuwa tayari majini, amesimama katikati ya mto, hajui aelekee wapi. Mama akaukumbatia ule mti kwa mkono mmoja, kwa wa pili akainua moto, cheche zikimwangukia begani. Hakutikisika. Baba akaanza kutembea polepole, wenzake nyuma yake, mpaka wote wakakanyaga mchanga.

Baba akauliza mbona taa ya leo nyekundu. Mama alinigeukia mimi.

"Kuanzia kesho, ya chini ni yako."

Niliiwasha kila jioni mpaka dhahabu ikawachosha watu, na pale kivukoni hakupotea mtu hata mmoja. Wageni walipokuja, walikula gizani.