Vioo vya Gari-Nyumba na Nyonga ya Mama

Mama yangu alianguka kisimani akinywesha mbuzi, na tangu hapo mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine. Hospitali ya Lodwar walimtazama, wakampa dawa ya maumivu, kisha wakaniambia: daktari wa mifupa yuko Kakuma, amekuja kwa ndege, na kesho mchana anaondoka. Mpeleke leo.

Kusema ni rahisi. Mama hakuweza kukaa. Tulijaribu kumpandisha kwenye lori la mahindi, akapiga ukelele mpaka dereva akashuka na kuniambia yeye habebi mtu wa kumfia njiani. Basi nalo lina viti, halina kitanda. Nami miaka hiyo nilikuwa na karakana yangu mwenyewe pale Lodwar, niliyoianza na nyundo moja na koleo, bila kusaidiwa na mtu. Watu wa ofisini walikuwa wananiita fundi kwa heshima. Lakini gari la kumlaza mama yangu sikuwa nalo.

Lililokuwepo lilikuwa limeegeshwa uani kwenye nyumba ya wageni ya akina mama, Nawoitorong. Gari-nyumba. Gari zee, refu kama duka, ndani lina jiko, sinki na kitanda. Mwenyewe alikuwa mzungu mzee anayempelekea binti yake vitu vya kazi huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Aliwahi kukaa shambani Kitale zamani, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile cha kuamrisha watu.

Nikamwambia shida yangu. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akanishika mkono akanipeleka mbele ya gari.

“Mama yako mimi nataka saidia. Lakini ona hii.”

Kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimening'inia kama sikio la punda mgonjwa. Cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Barabara ya kutoka Kitale, na yale mashimo yake, ndiyo iliyovifanya hivyo.

“Shingo yangu hapana geuka,” akasema, akinionyesha. Kweli, ilikuwa imekakamaa. Akitaka kukutazama anageuza mwili mzima. “Nyuma ya gari hakuna dirisha. Bila kioo mimi kipofu. Kipofu hapana kwenda na msafara.”

Siku hizo hukuenda Kakuma peke yako. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi cha polisi barabarani, lori la polisi likakaa nyuma, na ukiachwa na wenzako ni wewe na majambazi. Msafara wa mwisho ulikuwa unaondoka baada ya adhuhuri. Jua lilikuwa tayari limeanza kuuma.

Nikaleta mtambo wangu wa kuchomelea. Kwangu mimi kila kitu kilichoachana kinachomelewa. Mzee alipouona akaruka.

“Hapana! Hii ukuta ndani ni mbao na sponji! Wewe taka choma nyumba yangu?”

Nilikasirika, sifichi. Lakini nilipofungua ubao wa ndani nikaona alisema kweli. Nje ni bati laini la alumini, ukiligonga linabonyea. Nyuma yake ni mbao iliyooza, unaitoboa kwa kidole. Zile skrubu hazikuwa na kitu cha kuuma. Waliomtengenezea kabla yangu walikuwa wanaongeza skrubu kubwa zaidi, wakaongeza matundu tu.

Nikakwangua uozo wote. Nikakata vipande vya chuma bapa kutoka mlango wa lori lililokufa pale nje, lisilo na tairi hata moja, nikavitoboa, ili bolti zipite ukuta mzima na zikazwe kwa ndani, chuma kikae nyuma kama kiganja. Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Lakini chuma kikavu juu ya bati laini, kwa barabara ile, kitalisaga bati mpaka likatike. Ilihitajika mpira mnene katikati. Kwenda karakana kutafuta mpira na kurudi, msafara ungekuwa umekwenda.

Nikatazama chini. Miguuni nilikuwa na akala zangu, za tairi la lori, mpya, soli nene kama mkate. Nikazivua. Kisu kikazipita. Akala ya kulia ikaingia kioo cha kulia, ya kushoto kushoto, vipande vya nje na vya ndani. Nikakaza bolti, nikaweka nati ya pili juu ya ile ya kwanza ili isilegee, kisha nikaning'inia kwa mikono miwili kwenye ule mkono wa kioo, mimi mzima na uzito wangu. Haukutikisika.

Mzee akacheka. “Fundi, wewe sasa hapana viatu.”

“Washa gari,” nikamwambia.

Tukamlaza mama kwenye kile kitanda, nikamfunga kwa shuka asisukumwe. Akatazama sinki, akatazama pazia. “Huyu mtu anatembea na nyumba yake kama kobe,” akasema kwa Kiturkana. “Na wewe viatu viko wapi?” Nikavuta pazia.

Kizuizini ndipo shida mpya ilianza. Tulisimama tukingojea magari yajae, na vijana waliokuwa wakiuza mkaa wakaviona vile vioo. Kioo kikubwa kama kile hakikuwa kitu cha kila siku. Wa kwanza akakigeuza cha kulia atazame manyoya ya ndege aliyojichomeka kichwani. Wa pili akakigeuza kwake. Nikawafukuza, wakanicheka kwa salamu ya Kiturkana, “Ejok, fundi miguu mitupu!” Nikazunguka upande wa pili kuwafukuza wengine, na kurudi nikamkuta askari wa msafara mwenyewe amekipindua, ananyoa ndevu kwa wembe.

“Afande, tafadhali, hicho kioo ni cha safari.”

“Na mimi siendi safari?” akasema, akageuza shavu la pili. “Unataka niuawe na ndevu?”

Utamwambia nini mtu mwenye bunduki? Nikangoja amalize.

Tukaondoka. Usukani wa gari lile ulikuwa kushoto kama magari ya kwao, mimi nikakaa kulia dirishani. Mashimo ya kwanza, nikatazama kazi yangu: mkono wa kioo umesimama imara. Lakini kioo chenyewe, pale kinapozungukia, kilikuwa kimelegezwa na mikono ya watu. Kila shimo kikainama kidogo, mpaka kikaonyesha tairi na mchanga tu. Cha kushoto nacho kililegea vile vile, na mzee hakuweza kuachia usukani akinyoshe.

“Mimi hapana ona!” mzee akapiga kelele. “Polisi iko wapi? Nyuma kuna nani?”

Akaanza kupunguza mwendo. Gari la mbele yetu likazidi kuwa dogo. Nikatoa mkono dirishani, nikatoa na bega, nikakishika kioo na kukiinua. Chuma kilikuwa moto kama sufuria. Lori la polisi likarudi ndani ya kioo.

“Hapo! Hapo! Shika hapo!”

Nikashika. Sasa niko nusu nje, siwezi kugeuka. Mama yuko nyuma ya pazia. Mzee akikimbia, mashimo yanamvunja mama. Akienda polepole, tunaachwa. Mwanzoni nilimsikia mama akiguna kila tulipoanguka shimoni, na kila mguno ulinichoma kuliko kile chuma. Kisha tukaanguka shimo moja baya, vyombo vikalia ndani, na baada ya hapo sikusikia kitu.

“Mama!”

Nikapaza sauti zaidi.

“Mama! Nijibu!”

Upepo unanijaa mdomoni. Nikamwambia mzee, mtazame. Akasema shingo. Nikamwambia basi simama. Akasema, “Fundi, hapa? Peke yetu?” Na nilijua ni kweli, tukisimama hapo tumempoteza hata kama yu hai. Nikabaki nimeshika. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeanza kutoka. Ndani ya kioo niliona lori la polisi na vumbi, lori na vumbi, na nikawa nafikiria nitamzika wapi, nani nitamwambia kwanza. Hivyo mpaka mabati ya Kakuma yakaonekana.

Gari halijasimama sawasawa nikaruka, nikafungua mlango wa nyuma. Mama alikuwa ananitazama, macho mekundu, kona ya blanketi mdomoni. Akaitoa.

“Mbona hukunijibu?” nikamwuliza.

“Nijibu na nini? Nilikuwa nauma blanketi. Ulitaka nimlilie mgeni ndani ya nyumba yake?”

Nikakaa pale mlangoni.

Daktari alimwona jioni ile ile, akamfanyia upasuaji kesho yake asubuhi, na ndege ikamngojea mpaka alipomaliza. Wakati wanamsukuma kumrudisha wodini, dawa bado zimemlevya, mama alifungua jicho moja akanitazama kuanzia chini kwenda juu.

“Mtoto mzima,” akasema, “mwenye karakana. Mbele ya madaktari bila viatu. Nenda kamwambie yule kobe akurudishie.”

Nikaenda, kumtuliza tu. Gari-nyumba lilikuwa limeshaondoka kwenda Lokichoggio, mpakani, na akala zangu ukutani mwake.